Mzazi, Usimjengee Mwanao Nyumba ya Katoni

MSOMAJI mpenzi, leo naanza kwa kukiri kosa. Kosa lenyewe ni la mzazi, na nina hakika kwamba sikulitenda peke yangu hapa mjini Meru wala kule Embu.

Jioni moja kitinda mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa katika Gredi ya 5, alirudi nyumbani na kazi ya shule. Alitakiwa kutengeneza mfano wa nyumba kwa vifaa vya kuokotaokota nyumbani, kisha aupeleke darasani Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimetoka kazini nikiwa hoi, sufuria iko motoni, na nje mvua inanyesha. Kama walivyofanya wazazi wengi tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, niliguna: "Sasa hii kazi ni ya mtoto ama ni ya mama?"

Kesho yake nilipita kwa fundi wa mbao karibu na soko la Gakoromone, nikampa shilingi 600. Ijumaa asubuhi mwanangu aliondoka akiwa amebeba nyumba ya plaiwudi yenye paa jekundu, veranda na hata tangi la maji. Waama, ilikuwa nzuri kuliko hii tunayoishi.

Jioni alirudi amenuna. Mwalimu aliisifu nyumba ile, kisha akamwuliza maswali matatu. Jua la asubuhi linaingilia upande gani? Mvua ikinyesha, maji ya paa yanakwenda wapi? Na moto ukizuka jikoni, watu watatokea wapi? Mwanangu hakujibu hata moja. Mtoto anayeketi naye dawati moja alikuwa na boksi la sabuni lililotobolewa kwa kisu, mlango wake umening'inizwa kwa uzi. Huyo alijibu yote matatu.

"Mama," mwanangu aliniambia, "ile nyumba haikuwa yangu."

Nilikosa la kusema. Shilingi zangu 600 zilikuwa zimemnyang'anya mtoto somo ambalo hata mimi sikuwa nimelitambua.

SI KAZI YA MIKONO TU

Watu wengi wakisikia habari ya kufundisha watoto usanifu wa majengo hudhani kwamba tunataka kila mtoto awe msanifu majengo. Hasha! Tunawafundisha watoto kusoma na kuandika, lakini si wote watakuwa waandishi. Vivyo hivyo, mtoto anayejifunza kuchora chumba, kukipima na kujiuliza kwa nini dirisha liko pale lilipo, anajifunza kuyasoma mazingira ambayo ataishi ndani yake maisha yake yote.

Fikiria jambo hili. Mtoto wa mjini hulala ndani ya jengo, husoma ndani ya jengo na huabudu ndani ya jengo. Majengo hayo yaliamuliwa na watu. Kuna mtu aliyeamua kwamba ngazi ziwe za mteremko mkali na choo kiwe mbali. Mtoto asipofundishwa kwamba hayo ni maamuzi ya binadamu, atayachukua kama kazi ya Mungu, kama vile Mlima Kenya, na hatauliza kitu.

Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuwa na somo la sanaa na ufundi katika shule za msingi. Wazazi waliosoma wakati huo watakumbuka walivyosuka vikapu na kufinyanga udongo. Baadaye somo hilo liliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na unajua yanayofuata: kisichotahiniwa huwekwa kando, vipindi vyake vikapewa hisabati.

Mtaala wa sasa umeirudisha mikono darasani. Katika Gredi ya 7 hadi ya 9 kuna mafunzo ya awali ya kiufundi, ambapo wanafunzi hugusia uchoraji wa kiufundi, vifaa vya kazi na usalama. Januari 2026 kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10, na humo mwanafunzi huchagua mkondo wake: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi ya jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anatakiwa kujua anachokipenda. Atakijuaje ikiwa kazi zake zote za mikono zilifanywa na fundi wa Gakoromone?

VITALU VYA MBAO NA DARASA LA JOTO

Jambo hili si geni duniani. Mwaka wa 1837 mwalimu Mjerumani aitwaye Friedrich Froebel alifungua shule ya watoto wadogo, ile iliyokuja kuzaa chekechea tunazozijua leo. Aliwapa watoto vitalu vya mbao vya maumbo mbalimbali ili wajenge na kubomoa wapendavyo. Mnamo 1876 mama mmoja wa Kimarekani aliviona vitalu hivyo katika maonyesho makubwa mjini Philadelphia, akamnunulia mwanawe. Mtoto huyo aliitwa Frank Lloyd Wright. Alikua akawa mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri zaidi duniani, na hata alipozeeka alisema kwamba vitalu vile vilibaki vidoleni mwake.

Nchini Ufini kuna shule iitwayo Arkki, iliyoanzishwa Helsinki mwaka wa 1993. Ni shule ya usanifu majengo kwa watoto na vijana, na wanafunzi huenda huko baada ya masomo yao ya kawaida, kama vile watoto wetu wanavyokwenda mazoezi ya kwaya au karate. Wanaanza wakiwa na miaka 4 tu.

Utasema hao ni Wazungu na wana pesa. Haya, njoo hapa Afrika. Francis Kéré alizaliwa mwaka wa 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Kijijini kwao hapakuwa na shule, hivyo akiwa na miaka 7 alipelekwa mbali na nyumbani kusoma. Darasa lake lilijaa watoto zaidi ya mia moja, lilikuwa na giza na joto kama la tanuri. Mtoto huyo hakusahau. Alijifunza useremala, akaenda Ujerumani, na alipokuwa angali mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Berlin alichangisha pesa ili kijiji chake kijengewe shule.

Shule hiyo ilikamilika mwaka wa 2001. Wanakijiji wenyewe waliijenga kwa matofali ya udongo. Paa la bati aliliinua juu, likaachana na dari, ili hewa moto itoke na hewa baridi iingie. Hakuna umeme wala mashine yoyote ya kupoza hewa. Mwaka wa 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika taaluma hiyo, na akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Hapa kwetu Kenya alisanifu chuo cha teknolojia kule Turkana, kilichokamilika mwaka wa 2021. Minara yake ya kutolea joto imeiga vichuguu vya mchwa wa eneo hilo.

Nakwambia habari za Kéré kwa sababu moja. Yeye hakuanza na kompyuta. Alianza akiwa mtoto aliyeketi ndani ya chumba kibaya, akajiuliza kwa nini kiko hivyo.

ANZIA MEZANI

Baada ya aibu ya nyumba ya plaiwudi, Jumamosi iliyofuata tuliketi mezani, mimi na mwanangu, tukaanza upya. Hatukununua kitu. Katoni tuliomba dukani, gundi tukaipika kwa unga wa ngano, na utepe wa kupimia tukaazima kwa jirani ambaye ni fundi wa nguo. Nitakueleza tulivyofanya ili nawe ujaribu.

Kwanza tulipima. Mwambie mtoto apime chumba chake mwenyewe, urefu na upana, mlango na dirisha. Kisha mfundishe skeli. Ukichukua sentimita 2 za karatasi kuwa mita 1 ya chumba, basi chumba cha mita 3 kwa mita 4 kitakuwa sentimita 6 kwa sentimita 8, na kitaenea vizuri kwenye ukurasa wa daftari. Mtoto aliyekuwa akilia kwa sababu ya hesabu za kuzidisha na kugawanya atazifanya hapa bila kujua kwamba ni hesabu.

Pili, tulikata vipande vya katoni vya kitanda, meza na kabati kwa skeli hiyohiyo, tukavipanga juu ya mchoro. Hapo ndipo mwanangu alipogundua kwamba kitanda chake kilikuwa kinaziba nusu ya mlango. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka miwili! Tulikihamisha jioni hiyohiyo.

Tatu, tulijenga boksi. Tulitoboa madirisha, tukalipeleka nje juani, tukawa tunaligeuza huku tukichungulia ndani. Sisi tunaishi karibu kabisa na Ikweta. Jua letu linapiga ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni, mwaka mzima. Kwa hiyo nyumba yenye madirisha makubwa upande wa magharibi itakuwa na joto jioni, na yenye madirisha upande wa kaskazini na kusini itapata mwanga bila kuchomwa sana. Jambo hili mtoto akilisikia atalisahau, lakini akiliona ndani ya boksi lake hatalisahau kamwe.

Nne, tulijaribu nguvu. Funga vijiti vinne vya mabua kwa uzi viwe mraba. Usukume kidogo tu, utalala upande. Sasa ongeza kijiti cha tano kutoka pembe moja hadi nyingine. Sukuma tena. Hautalala. Baada ya hapo mpeleke mtoto akaangalie mbao za paa la nyumba inayojengwa mtaani. Ataona pembetatu kila mahali na atajua zinafanya kazi gani.

Mzazi mwenzangu, kazi yako katika hayo yote ni kushika kisu panapohitaji kisu, na kuuliza maswali. Nyumba ikipinda, iache ipinde. Mwanao atauliza kwa nini imepinda, na hapo ndipo unapoweza kumwonyesha kamba ya timazi na pima maji ya mwashi.

DARASA LIKO BARABARANI

Aghalabu tunadhani kwamba ili mtoto aone majengo ya maana ni lazima aende Nairobi akaone jumba la mikutano la KICC. Ni jengo la kusifika, naam, lililokamilika mwaka wa 1973. Lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway akishirikiana na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu majengo mkuu wa serikali wakati huo. Lakini kuanzia Meru hadi Embu kuna darasa kubwa pia, na kiingilio chake ni kidogo.

Anzia katika Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka wa 1974. Jengo lenyewe la mawe lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni. Nyuma yake kuna mfano wa boma la Wameru wa zamani. Mwache mtoto ainame aingie katika nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, kisha mwulize: kwa nini paa limeshuka chini hivi? Ni kwa ajili ya kuukinga ukuta wa udongo usiloweshwe na mvua. Kwa nini jiko liko katikati? Moshi ulipanda ukapita kwenye nyasi, ukafukuza wadudu. Na kwa nini ghala limesimama juu ya miguu? Panya na unyevu. Babu na nyanya zetu hawakuwa na digrii, lakini kila kitu walichojenga kilikuwa na sababu.

Ukishika barabara ya kuelekea Embu, kabla ya kufika Nkubu unavuka Ikweta. Simama hapo umkumbushe mtoto habari ya jua na boksi. Mbele zaidi, kabla ya Chuka, unateremka bonde la Mto Nithi. Hapo wasafiri hunyamaza, na tunajua kwa nini. Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni kutoka kwenye daraja hilo na zaidi ya watu 30 wakafariki. Hiyo haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Mwanangu aliuliza kwa nini barabara inateremka hivyo kisha inapinda palepale penye daraja. Sikuwa na jibu la kihandisi, ila nilifurahi kwamba aliuliza habari ya mteremko na kona badala ya kusema, kama tunavyosema sisi watu wazima, kwamba pale pana mapepo.

MASWALI YA BWENINI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Tulikuwa njiani kwenda upande wa Embu kumpeleka kifungua mimba wangu katika shule ya bweni. Shule yenyewe sitaitaja. Tulifika, tukalipa karo, tukabeba godoro na sanduku hadi bwenini. Wazazi walikuwa wengi na kila mtu alikuwa akitafuta kitanda cha mwanawe. Nilipogeuka nilimkuta mdogo wake amepiga magoti sakafuni na utepe wa kupimia.

"Mama, kati ya kitanda na kitanda ni sentimita 60," alisema.

Kisha alikwenda mlangoni, akaufungua na kuufunga mara mbili. Mwalimu wa bweni alikuwa amesimama karibu. Mtoto akamwuliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona mlango unafungukia ndani? Na madirisha mbona yana vyuma?"

"Vyuma ni vya kuzuia wezi, kijana."

"Na usiku moto ukitokea, hawa watatokea wapi?"

Lilikuwa swali lile la tatu la mwalimu wake. Wazazi wawili watatu walicheka. Mimi, naona haya kusema, nilimvuta mkono nikamwambia anyamaze, asitutie aibu siku ya kwanza.

Njia nzima kurudi Meru sikuzungumza. Nilikuwa nakumbuka Kyanguli, kule Machakos, Machi 2001, ambapo wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Nilikumbuka pia Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri, ng'ambo tu ya mlima huu wetu, ambako wavulana 21 walifariki katika moto wa usiku. Wengi wao hawakuwa wakubwa kuliko yule niliyekuwa nimemnyamazisha.

Nilipofika nyumbani niliutafuta mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, ambao Wizara ya Elimu iliutoa mwaka wa 2008. Unasema wazi. Nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupitia katikati isipungue mita 2. Kila mlango wa bweni uwe na upana wa angalau futi 5 na ufungukie nje. Bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Milango isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Mtoto wa Gredi ya 5 mwenye utepe wa kushonea alikuwa ameyaona kwa macho yake mambo ambayo sisi, watu wazima wapatao mia mbili, tulipita mbele yake tukiwa tumebeba magodoro.

Nilimwomba mwanangu msamaha. Kisha nikamwomba anichoree bweni lile kwa skeli yetu ya sentimita 2 kwa mita 1. Alichora mara mbili: lilivyo, na linavyotakiwa kuwa kwa vipimo vya wizara. Kwenye mchoro wa pili vitanda havikuenea vyote. Vilibaki kumi na viwili nje. Aliniangalia akauliza, "Hawa kumi na wawili watalala wapi?"

Hilo, msomaji, ndilo swali ambalo wakuu wa shule hulijua na wazazi hatupendi kulisikia, kwa maana jibu lake ni pesa, yaani bweni lingine. Katika mkutano wa wazazi uliofuata tulikwenda na michoro ile miwili. Sikuhitaji kugombana na mtu. Niliiweka mezani, na mzazi mmoja ambaye ni mwanakandarasi akasimama akaifafanua. Mwalimu mkuu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba abaki na michoro hiyo.

Nilipokwenda kumtembelea mwanangu muhula uliofuata nilikuta mlango umegeuzwa, unafungukia nje. Vitanda sita vilikuwa vimeondolewa. Vyuma vya madirisha bado vipo. Tumeambiwa tusubiri bajeti. Tunaendelea kuuliza.

KWAKO MWANAFUNZI

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, huenda unajiuliza kama kuna riziki katika mambo haya. Ipo. Mafunzo ya usanifu majengo yalianza nchini mwaka wa 1956 katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hizi taaluma hiyo inafundishwa pia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Safari ni ndefu, na hata baada ya digrii huruhusiwi na sheria kujiita msanifu majengo mpaka usajiliwe na bodi inayohusika. Hisabati usiikimbie. Kuchora nako usikudharau.

Wala si lazima uwe msanifu. Kuna mkadiriaji gharama, mhandisi, mpima ardhi, mpangaji miji, fundi wa umeme, mwashi na seremala. Hapa Meru vijana wanajifunza ujenzi katika chuo cha Meru National Polytechnic. Nyumba nzuri hujengwa na hao wote, na mmoja akilala wote huanguka pamoja. Kumbuka Septemba 2019, darasa liliporomoka katika shule moja ya Dagoretti, Nairobi, na watoto 8 wakafa. Kazi hii ina uzito wa roho za watu.

Kwa sasa anza na daftari la shilingi hamsini. Kila Jumapili chora mahali pamoja: stendi ya matatu, kanisa, kibanda cha shangazi sokoni, choo cha shule. Andika kando ya mchoro jambo moja lililo zuri na jambo moja ambalo ungelibadilisha. Ukifika Gredi ya 9 utakuwa na madaftari matatu au manne, na hakuna atakayehitaji kukuchagulia mkondo.

Na wewe mzazi, muhula ukifunguliwa utabeba godoro na sanduku kama kawaida. Beba na utepe wa kupimia. Mpe mtoto aushike upande mmoja nawe ushike mwingine. Pimeni nafasi kati ya vitanda. Fungueni mlango muone unafungukia wapi. Na mtoto akiuliza swali mbele ya watu, tafadhali usimvute mkono.

Hadi Jumapili ijayo, tuombeane uzima.